Kumlikiza Mwindaji Mdogo: Madimbwi ya Kaskazini mwa Cabo Delgado

Msafiri atokaye Mtwara akishika njia ya kusini hufika mwisho wa nchi yetu pale mto Ruvuma unapojimwaga katika Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya mto huo ndiko kunakoanzia Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini kabisa wa Msumbiji. Ukivuka, utakutana kwanza na Quionga, mji mdogo ambao wazee wa pande zote mbili huuita Kionga. Wajerumani waliunyakua mwaka 1894, Wareno wakauchukua tena mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mbele yake iko Palma, kwenye ghuba tulivu ya Tungi, na mbele zaidi Mocímboa da Praia. Baharini vimejipanga visiwa, kimoja baada ya kingine, hadi Ibo. Wenyeji wa pwani hii wengi wao ni Wamwani, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, hata msafiri wa kwetu akitega sikio vizuri hupata nusu ya mazungumzo bila mkalimani. Bara kidogo, juu ya uwanda wa Mueda, ndiko kwa Wamakonde.

Wageni wengi waliowahi kuandika juu ya pwani hii wameandika juu ya bahari yake: matumbawe, papa, chewa wakubwa wa kisiwa cha Vamizi, na majahazi. Hayo yote ni kweli, na yanastahili sifa. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka tuipe bahari mgongo kwa muda, tutazame yale madimbwi ya maji ya mvua yaliyo kando ya njia. Ndani yake mna samaki ambaye tabia yake ina mafunzo kwa kila nyumba ifugayo kiumbe chochote, na hata kwa nyumba isiyofuga.

NCHI TAMBARARE YENYE UDONGO MWEUSI

Nilivuka Ruvuma mwezi Aprili mwaka 2016, kwa mashua ya injini, mvua za masika zikiwa ukingoni. Mto ulikuwa umejaa, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na nahodha alipita mbali na mafungu ya mchanga kwa kuwaogopa viboko. Baada ya kupanda ukingo wa pili tuliingia katika nchi tambarare yenye minazi, mikorosho na majani marefu. Kila penye bonde dogo palikuwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, na kila penye udongo huo palikuwa na maji yaliyotuama. Mengine hayakuzidi ukubwa wa ua la nyumba, na kina chake hakikufika magoti.

Gari lilipokwama, abiria tulishuka kusukuma. Kando ya njia watoto watatu walikuwa wakivua kwa kitambaa cha kanga kuukuu, wawili wameshika ncha, mmoja anaswaga. Katika beseni lao mlikuwamo kambare wachanga, viluwiluwi, na samaki wengine wawili, warefu kama kidole cha mwisho cha mkono wa mtu mzima. Dume lilikuwa na mapezi yenye rangi kali, kama kitambaa cha leso mpya; jike lilikuwa la kijivu tupu.

Mzee mmoja aliyekuwa safarini pamoja nasi alichungulia beseni.

"Hawa twawaita samaki wa mvua, mwanangu," aliniambia. "Wazee walisema huanguka na mvua kutoka mbinguni."

"Na wewe, mzee wangu, wasemaje?"

"Mimi nasema kwamba dimbwi hili hukauka mpaka ng'ombe hupita juu yake. Halijaungana na mto wala bahari. Mwaka unaofuata samaki wamo. Kama hawakutoka juu, basi wametoka chini."

Mzee yule hakuwa amesoma kitabu cha elimu ya wanyama, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Samaki hao hutoka chini.

MAYAI YANAYONGOJA UDONGONI

Wataalamu huwaita samaki wa ukoo huu Nothobranchius. Wa kwanza kuelezwa kitaalamu aliletwa na Mjerumani Wilhelm Peters, aliyesafiri Msumbiji kati ya mwaka 1842 na 1848. Samaki wake wa Quelimane alitangazwa mwaka 1844. Zanzibar nayo ina wake, aliyeelezwa mwaka 1893. Wale wa kaskazini-mashariki ya Msumbiji wamechelewa sana kuandikwa katika daftari la dunia: mmoja alipewa jina mwaka 2007, na mwingine, wa bonde la mto Meronvi, mwaka 2008. Yaani watoto wa pwani hii walimjua samaki huyu tangu enzi za mababu, na elimu ya vitabuni ikamfikia juzi tu.

Maisha yake ni ya haraka kupita kiasi. Mvua ikijaza dimbwi, mayai yaliyolala udongoni huanguliwa kwa muda wa saa chache. Kifaranga hutoka akiwa na urefu wa milimita 5 hivi. Jamaa yake wa kusini mwa Msumbiji, aitwaye Nothobranchius furzeri, amechunguzwa katika madimbwi yenyewe, na mwaka 2018 ilitangazwa kwamba aweza kukomaa na kuzaa akiwa na umri wa siku 14 tu. Hana budi kufanya haraka, kwa kuwa hajui jua litakausha nyumba yake lini. Jike hutaga ndani ya tope kila siku, yai moja moja. Dimbwi likikauka wazazi hufa wote, na mayai hubaki yamelala katika udongo uliopasuka, yakingoja.

Hapa pana jambo la ajabu zaidi. Mayai hayaamki yote kwa mvua ya kwanza. Baadhi hubaki yamelala, maana mvua ya kwanza yaweza kuwa ya uongo: dimbwi likajaa leo na kukauka baada ya wiki moja, na vifaranga wote wakaangamia. Yale yaliyobaki ndiyo akiba ya ukoo. Mwenye nyumba anayeweka debe moja la mahindi asiloligusa, hata kama njaa imebisha hodi, anaifahamu hekima hiyo.

MACHO YANAYOJUA MWENDO TU

Samaki huyu, ingawa ni mdogo, ni mwindaji. Hali majani wala makombo. Kifaranga wake huanza kuwinda siku ile ile aanguliwapo au kesho yake, na windo lake ni vijidudu vidogo vinavyorukaruka majini kama viroboto. Akikua kidogo hula viluwiluwi vya wadudu, minyoo, na pengine vifaranga wa aina yake aliowazidi ukubwa.

Kwa kuwa anawinda kwa macho, akili yake imejengwa kwa kanuni moja: kilicho chakula hutembea, na kisichotembea si chakula. Ukimtupia kipande kizuri cha kamba aliyepikwa, kikashuka polepole na kulala chini, atakitazama kama mtu anavyolitazama jiwe. Atakaa na njaa mbele ya sinia iliyojaa, na kipande hicho kitaoza na kuyaharibu maji. Watu wengi waliowaweka samaki wawindaji katika matangi ya kioo wameona jambo hilo, wakadhani samaki ni mgonjwa au ana kiburi. Hana ugonjwa wala kiburi. Hajafundishwa.

Katika lugha yetu tunalo neno zuri ambalo siku hizi halisikiki sana: kulikiza. Maana yake ni kumwachisha mtoto ziwa. Neno hilo linafaa hapa pia, kwani kazi ni ile ile. Wataalamu wa afya hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aanze kulishwa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Mama mwenye busara haondoi ziwa asubuhi na kuleta ugali jioni. Huanza na uji mwepesi, kijiko kimoja, mtoto akiwa bado anajua kwamba ziwa lipo. Samaki mwindaji naye hulikizwa kwa hatua.

SOMO LA MWALIMU MSTAAFU

Niliporudi Mtwara nilimtembelea mwalimu mmoja mstaafu aliyefuga samaki wa ukoo huu. Wake walitoka bonde la Mbwemkuru, mkoani Lindi, nao walikaa katika matangi mawili ya kioo barazani kwake. Kwa kuwa nami nilipitia chuo cha ualimu, nilimwendea kama mwanafunzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usiegemee tangi, wataogopa na chakula hawatagusa."

Somo lake nalieleza hapa kwa utaratibu alionipa.

Hatua ya kwanza ni kumpa kifaranga kile anachokitaka. Kwa wiki mbili za mwanzo hakuna njia ya mkato: apewe chakula kilicho hai, kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Wafugaji wengi duniani hutumia vijidudu vya maji ya chumvi viitwavyo artemia, ambavyo mayai yake makavu huuzwa kwenye makopo. Huwekwa katika chupa yenye maji ya chumvi, gramu 25 hadi 30 kwa lita moja, pampu ndogo ya hewa ikiyachemsha bila kukoma, na baada ya saa 24 hadi 36 huanguliwa. Vijidudu hivyo hupenda mwanga. Ukiweka taa upande mmoja vitakusanyika huko, nawe utavifyonza kwa mrija na kuyaacha maganda, ambayo yakiliwa huziba utumbo wa kifaranga. Visuuzwe kwa maji baridi kabla ya kumiminwa katika tangi.

Hatua ya pili ni kufundisha saa na mahali. Chakula kitolewe saa ile ile, kwenye pembe ile ile ya tangi, na mwenye kulisha agonge kioo taratibu kabla ya kutoa. Baada ya siku chache vifaranga wataikimbilia pembe hiyo hata kabla chakula hakijaingia. Mwalimu alisema hapo ndipo mlango wa shule unapofunguka, kwa kuwa samaki sasa anakingoja chakula badala ya kukitafuta.

Hatua ya tatu ni kuchanganya. Samaki akifikisha wiki tatu au nne, katika kila kijiko cha chakula kilicho hai tia chembe chache za chakula kilichokufa: minyoo iliyogandishwa na kuyeyushwa, au nyama ya kamba mbichi asiye na chumvi, iliyosagwa hadi ikawa laini. Katika ile pilikapilika ya kugombania vinavyotembea, samaki hudaka na kisichotembea. Mara ya kwanza hukitema, na mara ya pili pia. Mara ya tatu hukimeza. Mara baada ya kudonoa mmoja mwenye ujasiri wengine hufuata, ndiyo sababu haifai kumfundisha samaki mmoja peke yake ikiwa unaweza kuwafundisha sita pamoja.

Hatua ya nne ni kukipa kifu mwendo. Mwalimu alikuwa akidondosha chembe juu ya mapovu ya pampu ya hewa ili zipande na kushuka, au akishika kipande kwa ncha ya kijiti chembamba na kukitikisa mbele ya samaki. Macho yanayojua mwendo tu yadanganywe kwa mwendo, hadi ulimi ushuhudie kwamba hicho nacho ni chakula.

Hatua ya tano ni kupunguza kilicho hai kidogo kidogo, robo kwa robo, kila robo ichukue siku tano hadi wiki moja. Kisha punje ndogo za chakula kikavu zianze kuchanganywa kwa utaratibu ule ule, baada ya kulowekwa ili zilainike na zisivimbe tumboni.

Nilimwuliza kama si rahisi zaidi kuwaacha na njaa siku mbili tatu, wakajifunza wenyewe.

"Njaa ni kiungo," alijibu. "Kiungo kikizidi, mchuzi haulike. Samaki mkubwa aweza kukosa mlo mmoja au hata siku nzima, akapata hamu. Mchanga ukimnyima siku mbili tumbo linaingia ndani, mgongo unakonda, na hata ukimrudishia chakula anachokipenda, hali tena. Mwalimu anayefundisha kwa njaa hufundisha kufa."

Nikamwuliza la mwisho: kama yupo anayekataa kabisa?

"Wapo. Katika kila darasa wapo. Huyo rudi naye hatua moja nyuma, umtenge na wakubwa wanaomnyang'anya, uanze upya. Na jioni usisahau kufyonza mabaki yote. Chakula kilichokufa kikilala katika tangi hutoa sumu, nawe utasema samaki wamekufa kwa chakula kipya, kumbe wamekufa kwa uchafu."

Utaratibu huu si wa barazani peke yake. Yule Nothobranchius furzeri, kwa sababu ya kuzeeka upesi, amekuwa samaki wa maabara katika nchi nyingi, ambako huchunguzwa namna viumbe wanavyozeeka. Mwaka 2015 ramani kamili ya urithi wake ilichapishwa. Kwa miaka mingi maabara hizo zilimlisha viluwiluwi vyekundu, wakati mwingine vikiwa na vijidudu vya maradhi, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika samaki wake wamekula nini. Mwaka 2020 watafiti wa Chekia walichapisha kwamba samaki huyo akizoeshwa taratibu hukubali chakula cha punje, akakua na kutaga vizuri.

HATARI ILIYO MLANGONI

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yanamhusu nini askari katika kota yake, au mama mwenye watoto wanne? Yanamhusu, na nitaeleza kwa nini.

Vijana wetu wanapenda kufuga samaki katika chupa na ndoo, na ni mapenzi mema. Wakiona samaki anakataa makombo ya mkate, huenda kutafuta viluwiluwi vya mbu, kwa kuwa samaki hivyo huvikimbilia. Wakichoka kwenda mbali, huweka sufuria kuukuu nyuma ya nyumba, wakaijaza maji na majani, ili mbu watage hapo. Kwa hesabu ya samaki ni werevu mkubwa. Kwa hesabu ya nyumba ni balaa. Katika hali ya joto ya pwani yetu, mbu hutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku 8 hadi 14. Ukisahau sufuria hiyo wiki moja na nusu, umelea kikosi cha maadui ndani ya ngome yako mwenyewe, na watakaouguza malaria au homa ya dengue ni watoto wale wale, na jirani asiye na samaki.

Kwa hiyo, kumlikiza samaki mwindaji si mchezo wa watu wenye nafasi. Ni wajibu wa afya. Anayetaka kumfuga na ajiulize kwanza kama ana subira ya wiki sita au nane za kumfundisha. Kama hana, amwache dimbwini, ambako hula viluwiluwi bila kumletea mtu mbu sebuleni. Na kila chombo chenye maji nyuma ya nyumba kifunikwe, au kimwagwe mara moja kila wiki.

Yako pia manufaa ya mfuko. Familia nyingi sasa zinachimba mabwawa ya kambare, naye kambare mchanga ni mwindaji wa namna hiyo hiyo. Huanza kula akiwa na siku 3 hivi. Kwa muda wa wiki moja hupewa artemia au vijidudu vya bwawani. Kisha huchanganyiwa unga laini wa chakula kikavu hadi akizoee. Mfugaji anayeruka hatua ya kuchanganya huona vifaranga wakipungua bila maiti kuonekana: wamekulana. Kambare mwenye njaa, asiyefahamu kwamba unga ni chakula, humtazama ndugu yake anayetembea, na kanuni ya macho yake humwambia kwamba huyo ndiye chakula. Dawa yake ni kulisha mara nyingi kwa kiasi kidogo, na kuwatenga wakubwa na wadogo.

DIMBWI LENYEWE

Turudi sasa kwenye ile nchi tambarare, kwa kuwa samaki wa tangini ni kivuli tu cha samaki wa dimbwini.

Miaka iliyofuata safari yangu haikuwa ya amani. Mwezi Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa, na huo ukawa mwanzo wa vita vilivyowahamisha mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Wengi walikimbia kwa miguu kupitia mabonde hayo hayo, wengine kwa majahazi, na wako waliofika hadi ukingo wa Ruvuma. Miradi mikubwa ya gesi katika rasi ya Afungi, jirani na Palma, ilisimamishwa mwezi Aprili mwaka huo. Toka Julai 2021 hadi Julai 2024 kikosi cha nchi za kusini mwa Afrika kilikuwa katika mkoa huo, na Watanzania walikuwamo. Huenda baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu walipita wenyewe kando ya madimbwi ninayoyasema, buti zimejaa tope jeusi, wakaona kitu chekundu kikimeta majini na kutoweka.

Mbele ya msiba wa watu, samaki wa urefu wa kidole ni jambo dogo. Sitaki kulinganisha. Lakini nchi ikirudi katika utulivu hujengwa: barabara hunyooshwa, mabonde hufukiwa kifusi, mitaro huchimbwa, nyumba za waliohamishwa hupangwa. Kazi hizo ni lazima zifanywe. Ila dimbwi halina mwenyewe wa kulisemea. Wakati wa kiangazi, mhandisi akifika na ramani yake, haoni dimbwi. Huona kiwanja kikavu chenye udongo uliopasuka, na hakuna kitu kinachomwonyesha kwamba chini ya buti zake wamelala samaki wa mwaka ujao. Malori mawili matatu ya kifusi yakimwagwa hapo, hakuna samaki atakayeonekana amekufa. Mvua itanyesha, na kitakachotokea ni kimya tu. Na kwa kuwa samaki wa dimbwi moja hana njia ya kwenda dimbwi jingine ila kwa mafuriko makubwa, pengine ukoo uliokaa hapo kwa vizazi visivyohesabika utakuwa umekwisha mahali hapo.

Uangalizi wake hauhitaji fedha nyingi. Panapojengwa barabara, waulizwe watoto na wazee ni mabonde gani hushika maji na samaki, kabla ya mashine kufika. Wao wanajua kuliko ramani. Baadhi ya mabonde hayo yaachwe. Mtu asimwage humo samaki wa kigeni, hata perege aliyezidi bwawani, wala asihamishe samaki wa dimbwi hili kwenda lile kwa kudhani anasaidia. Na asiyekuwa na kibali asivushe samaki hai mpakani.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Samaki wa mvua ana haraka kuliko wote, kwa sababu maji yake hayamngoji. Lakini mayai yake yana subira kuliko mawe, na ukoo wake umedumu kwa kuwa na vyote viwili. Anayemfuga hana budi kumpa ile subira ambayo dimbwi halikuweza kumpa mzazi wake: wiki za kuchanganya, kutikisa, kungoja na kusafisha. Na asiyemfuga ana kazi nyepesi zaidi, nayo ni kukumbuka, apitapo juu ya udongo mkavu wenye nyufa katika mwezi wa Septemba, kwamba anapita juu ya paa la nyumba ya watu waliolala.